Nchi Inayoishia Ziwani

Miaka thelathini na moja nimegonga muhuri
kwenye barua za watu, Posta ya Wete.
Barua hazikuwa zangu. Stempu nilizibandua
kwa mvuke wa birika, zile tu
ambazo wenyewe walikuwa wakizitupa.
Moja ilikuwa na ngome juu ya jabali
na jina refu chini yake, herufi zimesongamana
kama abiria mlango wa boti:
Lishtenshteni.
Nilijifunza kulitamka peke yangu, nyuma ya masanduku.

Sasa nimestaafu, nina daftari.
Siku ya kwanza: Vaduzi, makumbusho ya stempu.
Siku ya pili: kupanda ngomeni kwa miguu.
(Mwana wa mfalme anaishi humo, huingii.
Unaitazama kwa nje, unashuka.)
Siku ya tatu: kuvuka mto Raini kwa daraja la mbao,
kukanyaga nchi ya pili, kurudi kabla ya chai.
Siku ya nne sijui.
Nahofia nchi itakuwa imekwisha.

Mjukuu wangu Nadhifu anasoma kwenye simu:
"Babu, haina bahari. Na jirani zake hawana.
Ukitaka maji ya chumvi, uvuke nchi mbili."
Nikamuuliza, basi wanajuaje
pale nchi inapokoma?

Mize alikuwa akipeta mchele. Hakuinua uso:

Choo hakina mlango, kuta hazina saruji,
Wewe wainua shingo, kwenda tazama theluji,
Huna huko hata jengo, wala ndugu wala mji,
Mgongo umeinuka, kichwa ndicho kimelala.

Kiinua mgongo changu kiko benki, kimya.
Sikumjibu. Mlango wa choo ni kweli,
tunajisitiri kwa kanga ya mwaka juzi.

Fomu ya ubalozi inauliza: Madhumuni ya safari.
Jirani yangu Shaame alisaidia kufikiri.
"Unakwenda kutibiwa?"
Siumwi.
"Una mtoto huko?"
Wanangu wako Konde na Tanga.
"Basi semina."
Nakwenda kutazama.
Akacheka mpaka kofia ikamwanguka,
kisha akaiokota, akaipangusa polepole.
"Kutazama nini?"
Kile wanachokitazama wao wakija huku:
watu wakianika nguo.

Jumapili nikatoa baiskeli.
Nadhifu kanipimia: nchi yote, juu hadi chini,
ni kilomita ishirini na tano.
Nikatoka Wete alfajiri, daftari kwenye kikapu,
nijaribu kama magoti yanaiweza.
Limbani nilipita kama mgeni, nikasalimia kupita kiasi.
Bahanasa nikasimama kumtazama mtu akipaka nyumba rangi,
kijani, upande wa barabarani tu.
Nimepita hapo maisha yangu yote
nikiwa na jambo la kuwahi.
Yule bwana akageuka: "Vipi, kuna barua?"
Hakuna, nikasema. Endelea tu.

Kilima cha mwisho nilikivuta kwa mkono.
Simu ikalia ndani ya mfuko: ishirini na tano.
Nilikuwa Ziwani, Chake bado haijaonekana,
na Lishtenshteni imekwisha
mbele ya banda la bati, mwanamke anachoma muhogo.

Akanitazama jasho, akalitazama daftari.
"Umepotea, babu?"
La. Nimefika mpakani.
Akaangalia kushoto, akaangalia kulia,
migomba huku, migomba kule,
akapasua muhogo, akaupaka pilipili na chumvi.
"Basi kula kwanza," akasema, "ndiyo uvuke."

Nikala. Chumvi ilizidi.
Nikafungua daftari kwa vidole vya masizi,
nikatafuta siku ya nne.